Bi Haloo na Namba Ishirini na Saba

Nani hapa mjini hamjui Bi Haloo? Hata asiyemjua kwa sura anamjua kwa sauti, na ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sura yake waliijua watu wa nyumbani kwake na majirani wawili watatu. Sauti yake aliijua kila aliyewahi kunyanyua simu.

Alikuwa opereta. Enzi hizo simu haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Ukitaka kuongea na mtu unanyanyua mkono wa simu, unakoroga kile kishikio cha ubavuni, na kule posta, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya dirisha la stempu, kitaa kidogo kinawaka mbele ya mwanamke aliyevaa visikilizio. Anakuuliza, "Haloo, namba ngapi?" Unamtajia. Anachomeka waya kwenye tundu la huyo unayemtaka, anampigia, anamuuliza kama yuko tayari kupokea, kisha anawaambia, "Haya, ongeeni." Halafu anatoa sikio lake.

Hilo la kutoa sikio lishike vizuri, maana ndilo lenye hadithi. Pale mezani kulikuwa na swichi ndogo ya kumfanya opereta asikie mazungumzo au asisikie. Wenzake, Mungu awasamehe, walikuwa wakiisahau makusudi, na mchana wakienda kula walikuwa na habari za mji mzima. Bi Haloo? Thubutu! Siku aliyoajiriwa aliapishwa, na msimamizi akamwongezea la kwake: "Binti, humu ndani utasikia mengi. Ukivuka mlango huo, hukusikia kitu." Basi, akalishika neno hilo mpaka mvi zikamwota. Mumewe, marehemu sasa, aliwahi kumchokonoa wakati wa chakula, eti ni kweli yule mwenye mabasi anataka kumwacha mkewe? Bi Haloo akamjibu, "Ongeza mboga." Hakuulizwa tena.

Kisha ikaja mitambo ya kujiunganisha yenyewe. Chumba kikafungwa kufuli, maopereta wakapewa mkono wa kwaheri. Miaka ikaenda, mume akatangulia, watoto wakatawanyika na kazi zao, na Bi Haloo akabaki na mjukuu wake wa kike, msusi, mwanamke mzima mwenye saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Mchana kutwa mjukuu yuko na wateja wake, na bibi yuko sebuleni na feni. Sikio lililozoea kubeba mji mzima likawa linasikiliza friji.

Mjukuu aliliona hilo, likamuuma. Siku moja akaja na simu ya kisasa. "Bibi, nimekuingiza kwenye kundi. Linaitwa Mji Wetu wa Zamani. Humo kuna wazee wenzako."

"Mzee nani?"

"Haya, vijana wenzako."

Kundi lenyewe lilikuwa na watu wengi, wengine wapo hapahapa, wengine wametupwa na maisha pembe zote za dunia. Admini wake alikuwa fundi saa wa barabara ya soko, mtu mkali wa taratibu, asiyetaka matangazo ya biashara wala ugomvi wa siasa. Watu walileta picha za stendi ya zamani, za uwanja wa mpira kabla haujajengewa ukuta, za darasa zima limesimama juani limekunja nyuso. Wengine walileta mambo wanayoyapenda: mmoja anafufua redio za zamani, mmoja anakusanya stempu, na dereva mmoja mstaafu wa malori alikuwa akichora duka moja moja kwa kumbukumbu tu, mpaka na ufa wa ukutani.

Bi Haloo alitazama picha hizo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akairudisha simu.

"Mjukuu wangu, watu hawa siwajui."

"Bibi! Umeishi nao miaka yote!"

"Niliishi nao sikioni. Macho yangu yalikuwa ukutani, kwenye matundu ya waya. Niletee mtu aseme, nitakwambia ni nani."

Hapo ndipo mjukuu alipomwonyesha alama ya kipaza sauti. "Sasa bonyeza hapa, shikilia, sema, ukimaliza achia." Akarudi mbio saluni, maana alikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa.

Bi Haloo akakaa wima. Akaweka vizuri kitambaa chake cha kichwani, akabonyeza, akafanya kama alivyofundishwa ujanani: opereta hasemi neno la pili mpaka upande wa pili uitikie.

"Haloo?" Kimya. "Haloo, Mji wa Zamani? Mnanisikia?" Kimya, feni inavuma. "Nawapata kwa mbali sana. Msikate tafadhali, nawatafutia laini nyingine." Kimya kirefu. "Haloo... Basi, naona hakuna jibu. Nakata."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda kwa watu wote wa kundi.

Jamani, walivyocheka! Vikatuni vya kicheko vikamiminika. Kuna mmoja aliandika kwamba huyu bibi arudishiwe simu ya kukoroga. Mimi tabia hiyo ya kucheka wazee siipendi hata kidogo; anayemcheka mzee leo hajui naye kesho atachekwa na kifaa gani. Mjukuu alitoka saluni na kitana mkononi, amevimba kwa hasira, anataka kuwajibu mmoja mmoja. Lakini kabla hajaandika herufi, ikaingia sauti ya yule dereva wa malori, inatetemeka.

"Nyamazeni nyie! Mnajua mnamcheka nani? Siku mke wangu anajifungua mapacha nilikuwa safarini, laini zimejaa, nimechanganyikiwa. Sauti hiyohiyo ikaniambia, usikate, nakutafutia laini nyingine. Akaitafuta mpaka hospitali wakapatikana. Bi Haloo, ni wewe?"

Bi Haloo alisikiliza akiwa ameweka mkono kifuani. Akabonyeza. "Dereva, ni mimi. Mapacha hawajambo?"

Basi tena! Waliocheka wakaomba radhi, na waliobaki wakapanga foleni. Kila mtu anataka kusalimiwa. Haloo, unanikumbuka? Haloo, mimi ni nani? Fundi saa, kwa kupenda kwake utaratibu, akatangaza mchezo: kila Jumapili mwanakundi mmoja atatuma sauti bila kujitaja, na Bi Haloo atasema ni nani. Akauita Sauti ya Jumapili, na matokeo akawa anayaweka yeye mwenyewe.

Hakushindwa. Nakwambia hakushindwa hata mara moja! Mzee mmoja alisema "habari za asubuhi" tu, akaambiwa, "Wewe ni mwenye duka la vyuma. Ulikuwa unasema mbiombio, sasa meno yamekupunguzia mwendo." Mama mmoja aliye ng'ambo alijaribu kukaza koo ili asijulikane. Akaambiwa, "Nyie mlikuwa mapacha, mkigombea simu. Wewe ndiye uliyekuwa ukishindwa." Yule mama alilia hadharani, akasema pacha wake ameshafariki, na hakuna mtu mwingine duniani anayekumbuka ugomvi ule. Kundi zima likamwandikia pole.

Kitu kimoja tu walikikosa. Walipomwambia, "Bi Haloo, tupe basi vituko, ulisikia nini kwenye waya zile?" aliwajibu, "Nilisikia haloo nyingi." Wakambembeleza, wakamtania. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata hii haikuwa na mdomo. Na mimi kwa hilo namvulia kofia, maana wangapi wetu tungepewa sikio la mji mzima tukaweza kulala bila kusimulia?

Sasa sikia kilichompata.

Jumatatu moja, wakati mjukuu anafungua saluni, uliingia ujumbe wa pembeni, nje ya kundi. Sauti ya mwanamke, imekauka kama ya mtu aliyetoka zamu.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni binti wa fundi cherehani, lile duka la kushona la kona. Simu yetu ilikuwa namba ishirini na saba. Sasa hivi ni muuguzi, nakaa mbali. Bibi, baba yangu alikwenda kufanya kazi mgodini nikiwa sijaanza shule. Mama ameniambia maisha yangu yote kwamba hakupiga simu hata mara moja. Juzi nimeletewa habari kwamba yuko hospitali hukohuko mgodini, hali yake mbaya, ananiita. Nimesema siendi. Mtu asiyenitafuta nikiwa mtoto, leo anitafute nimfunike shuka? Lakini tangu nisikie sauti yako kwenye kundi sina raha. Simu zote zilipita kwako. Niambie neno moja tu: alipiga, au hakupiga?"

Bi Haloo aliiweka simu juu ya meza, akaitazama.

Alipiga. Kila mwisho wa mwezi alipiga. Opereta wa mgodini alikuwa akisema, "Nina mteja wa ishirini na saba," na Bi Haloo anapiga kule dukani. Anasikia cherehani ikikimbia, kisha inanyamaza. Simu inanyanyuliwa. Nyuma yake kuna mtoto anaimba peke yake, wimbo usio na maneno. "Una simu kutoka mgodini. Nikuunganishe, au nimwambie hampo?" Na fundi cherehani, kila mwezi, sauti ileile: "Mwambie hatupo." Bi Haloo anarudi kwa yule mwanamume, anasema kama kazi inavyotaka, "Ishirini na saba hawapo." Naye anajibu, "Asante, dada. Nitajaribu tena." Alijaribu tena na tena, mpaka mwezi mmoja kitaa hakikuwaka, na hakikuwaka tena.

Alikuwa amelibeba hilo muda wote huo. Sasa aliyekuwa akiimba nyuma ya cherehani alikuwa amekuja mwenyewe kuliulizia, na jibu lilikuwa neno moja. Lakini neno hilo halikuwa lake. Alikuwa amekula kiapo, na kwa Bi Haloo kiapo si kitu cha kuisha muda. Na kuna la zaidi: aliyasikia mambo ya fundi cherehani kwa sababu fundi cherehani alimwamini. Akabonyeza kipaza sauti.

"Mwanangu, pole sana. Yaliyopita kwenye waya si yangu kuyasema. Hata kwako."

Jibu halikuchelewa. "Kumbe hata wewe, bibi. Sawa. Nimeelewa. Siendi." Na muda si mrefu kundi likaonyesha kwamba muuguzi amejitoa.

Bi Haloo hakula vizuri siku hiyo, wala iliyofuata. Alijua siku za mgonjwa hazisubiri watu wakasirikiane mpaka wachoke. Baba anaondoka, binti haji, na yeye amekaa na mdomo wake uliofungwa vizuri. Kulikuwa na faida gani? Mjukuu akamwinamia.

"Bibi, nani kakuudhi? Nitajie nikamnyoe kipara."

"Hakuna. Hebu niambie wewe. Mtu ana ufunguo aliopewa amana, na ile nyumba inaungua. Afanyeje?"

Mjukuu hakufikiri hata kidogo. Alikuwa na mteja anangoja. "Si amtafute mwenye ufunguo! Hilo nalo swali, bibi?"

Bi Haloo akamtazama mjukuu wake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Niletee viatu vyangu."

Duka la kona lilikuwa palepale. Vitambaa vimekunjwa kwenye rafu, chaki, mkasi mkubwa, na cherehani ya miguu karibu na dirisha. Fundi cherehani mwenyewe alikuwa ameinama juu yake, miwani puani, anapindua upindo wa gauni la mteja. Hawa wanawake wawili walikuwa wamezeeka katika mji mmoja na hawajawahi kukaa chumba kimoja.

"Hodi hapa."

Cherehani ikanyamaza. Fundi hakugeuka mara moja. Mikono yake ilibaki juu ya kitambaa.

"Wewe ni wa simu," akasema.

"Ni mimi, mwenzangu."

"Umekuja kusema."

"Ningekuwa wa kusema, mji huu ungekuwa umejaa uani kwangu na vigoda vyake, unasikiliza. Nimekuja kwako, si kwa mwingine."

Fundi akamsogezea kiti. Bi Haloo akamweleza alichopaswa kumweleza: binti yako ameniuliza, nimekataa kumjibu, amekasirika, na baba yake yuko taabani anamwita. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Fundi cherehani akavua miwani, akaanza kuifuta kwa kitambaa cha mteja bila kujua anafanya nini.

"Alioa huko," akasema. "Hata mwaka haujaisha, alioa. Mimi niko hapa nashona sare za watoto wa watu, yeye anaoa. Halafu anapiga simu, eti anataka kumsikia mtoto. Nikasema, naye ajue kukosa. Nikamkosesha. Mtoto akawa ananiuliza, mama, baba mbona hapigi? Mara ya kwanza nilimjibu kwa hasira tu. Mara ya pili ikabidi nijibu vilevile." Akaigeuza miwani, akafuta upande wa pili. "Uongo unaulea kama mtoto, mwenzangu. Ukishakua, kuutoa nyumbani ni kazi."

"Najua."

"Hujui. Yule binti ananipigia kila siku ya Mungu. Ndiye niliye naye. Akijua, hatapiga tena. Nitakaa hapa naingoja simu kama..." Hakumaliza.

Bi Haloo angeweza kumhubiria. Mimi ningemhubiria, nisingemwacha mpaka jioni! Yeye, hapana. Alitoa simu kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi. Akakaa wima, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mgeni. Ilikuwa ile ya zamani, ya chumba cha nyuma ya dirisha la stempu.

"Ishirini na saba, simu iko tayari. Nikuunganishe, au nimwambie hampo?"

Fundi cherehani aliisikia sauti hiyo, na machozi yakamtoka yenyewe. Alikuwa ameijibu mara nyingi, na kila mara kwa haraka, ili asipate nafasi ya kufikiri. Safari hii alikawia. Nje mtu alipita na mkokoteni, ukasikika mpaka ukaishia mbali.

"Na nikisema hatupo?"

"Nitamwambia hampo. Kama zamani. Kazi yangu ni hiyo."

Fundi akaweka miwani mezani. Akajifuta uso kwa viganja vyote viwili.

"Niunganishe," akasema.

Bi Haloo akapiga. Simu ililia sana hadi akadhani haitapokelewa. Kisha sauti kavu ya muuguzi ikasema, "Bibi, nilikwambia nimeelewa."

"Haloo, una simu kutoka nyumbani. Haya, ongeeni."

Akamkabidhi fundi cherehani simu, akatoka. Hakusimama mlangoni. Alikwenda mpaka uani kwenye bomba, akafungulia maji yaingie kwenye ndoo, kwa nguvu, yapige kelele. Ndoo ilipojaa akaimwaga kwenye maua, akaweka tena. Alimwagilia maua ya watu mpaka yakaelea, akiwa na masikio mawili mazima na hakusikia hata neno. Aliporudi ndani, fundi alikuwa amelaza kichwa juu ya cherehani, simu imekatika mkononi mwake.

"Amenikasirikia sana," akasema. "Kanisema sana, kisha akakata. Halafu akapiga tena. Akauliza basi la kwenda mgodini linaondoka saa ngapi."

Bi Haloo akaweka maji ya chai mwenyewe, bila kuuliza vikombe viko wapi.

Jumapili ya wiki ile kundi lilikuwa limechangamka kama kawaida. Muuguzi alikuwa ameomba kurudishwa, fundi saa akamrudisha baada ya kumkumbusha taratibu. Na ndiye aliyetuma Sauti ya Jumapili. Mjukuu alikaa karibu na bibi yake, saluni imefungwa, akaifungulia sauti ya juu.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mzee, anapumua kwa shida. Kwa mbali kulisikika mlio wa mashine ya hospitali. Na karibu, karibu kabisa na simu, kulikuwa na mwanamke anaimba taratibu wimbo usio na maneno, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Mzee akakohoa, akasema:

"Haloo, dada. Naomba ishirini na saba."

Bi Haloo alifumba macho. Mjukuu akamwona midomo inamcheza, akadhani bibi anatafuta jina. Kundi zima lilikuwa linangoja. Akabonyeza kipaza sauti, akaachia, akabonyeza tena.

"Ishirini na saba wapo," akasema. "Wapo. Haya, ongeeni."

Fundi saa alingoja jina, jina halikuja. Akaandika kwamba kwa masikitiko, leo kwa mara ya kwanza Bi Haloo ameshindwa. Watu wakamtania mpaka wakachoka, dereva wa malori akasema uzee umemfikia, na mjukuu akataka kubisha, maana hakuamini.

"Waache," akasema Bi Haloo, akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Nimeshindwa, waandike."